Basi Lililofungwa Banzi

Kibiti,
Alhamisi asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na kamwene pia, usije ukawaambia majirani kwamba samaki wa pwani wamenisahaulisha salamu za Uhehe. Goti linaendeleaje? Baba mdogo bado anakohoa? Mahindi ya bondeni yamebeba, au ngedere wamewatangulia? Mimi mwili ni mzima. Joto la huku nimelizoea, mbu nimewazoea, wali wa nazi nimeuzoea kupita kiasi. Watu ninaowafanyia kazi ndio nimeshindwa kuwazoea.

Barua yako, aliyokuandikia mdogo wangu Tumaini, nimeipata. Unasema utakuja kunitembelea baada ya mavuno, na kwamba kutoka Dar es Salaam utapanda “basi letu”, kwa kuwa tajiri wangu, Bwana Ezekieli, amekuahidi kiti cha bure nyuma ya dereva. Mama, hilo ndilo lililonikalisha chini niandike. Usipande hilo basi. Tumaini, msomee mama hapo mara ya pili: usipande.

Unamjua Bwana Ezekieli kwa sifa tu, basi nikueleze mtu mwenyewe. Katoka bara kama sisi, tunasali kanisa moja, na akiimba kwaya nzima haisikiki. Zamani alikuwa mtunza stoo wa shirika la mabasi lililokufa hapa. Shirika lilikonda, yeye akanenepa. Mwishowe yalibaki mabasi mawili ya Kizungu, ya tangu enzi nachunga mbuzi, yakauzwa kama vyuma chakavu, naye akanunua lile lililokuwa na injini. Siku hizi kila kitu ni ruksa, mama. Ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kujiita mkurugenzi. Anatembea na mkoba wa ngozi. Siku moja ulifunguka mbele yangu: ndani mlikuwa na kitana na andazi.

Sasa, basi hukaa juu ya springi. Ni vyuma virefu vilivyopinda, vimepangwa tabaka kwa tabaka, kila upande na fungu lake, na chuma cha juu kabisa ndicho kinachoshikilia ekseli isihame mahali pake. Chetu cha nyuma kushoto kilikatika njia ya Bungu. Basi likalala upande, kama mtu anayetega sikio ukutani kwa jirani. Kondakta akawa anawapanga abiria wanene upande wa kulia na kuita hayo ndiyo matengenezo.

Nikatumwa Dar es Salaam kutafuta kipuri. Maduka yamefurika, sijapata kuona: shokapu za pikapu za Kijapani, redio, manukato, viatu vya mitumba vilima kwa vilima. Springi ya basi letu, hakuna. Muuza duka mmoja alimwita mwenzake aje anitazame. “Huyu anataka springi ya lile basi la pua ndefu! Kumbe bado li hai?” Wakacheka mpaka wakakaa. Niliwadharau, maana hata jina la wanachokiuza wanalisoma kwenye boksi, lakini Kibiti nilirudi mikono mitupu.

Nikakumbuka lile basi la pili, lililoachwa uani kwa shirika mpaka likaota majani. Nikaingia chini yake. Halikuwa na springi hata moja, limekaa juu ya mawe. Mlinzi akaniambia zilikwenda Mtunda kwa mhunzi, miaka mingi sasa. Nikaenda Mtunda kwa miguu.

Mhunzi ni Mzee Saidi, Mndengereko, mtu wa maneno machache na yote makali. Nilipomweleza shida yangu aliingia kibandani, akatoka na shoka, mundu na mapanga mawili, akavipanga mbele yangu.

“Springi zenu hizi hapa, mwanangu. Chagua.”

Nikamuuliza ni nani aliyemuuzia.

“Si yule bwana wenu wa stoo! Akija na mkokoteni, mbili, tatu. Kaniambia chuma cha kutupwa. Leo ndo ataka kutembea? Mtu kauza miguu yake mwenyewe!” Akatema mate pembeni. “Mwambie aje. N’tamuuzia shoka.”

Nilimpelekea Bwana Ezekieli habari hizo nikidhani ataona haya. Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto mzito darasani. “Fundi,” akasema, “wakati ule zilikuwa za umma. Sasa basi ni langu. Hayo ni mambo mawili tofauti.” Na wala hakutania.

Kesho yake akaenda Nyamisati, akarudi na boriti za mikoko, zile za kujengea nyumba. “Mti huu haujui kuvunjika,” akasema, mtu ambaye hajawahi kushika hata randa. Basi nikalifunga banzi, kama mganga wa mifupa: kipande cha mkoko juu ya chuma kilichokatika, kingine chini, nikavikaza kwa mipira ya tyubu mpaka vidole vikatoka damu. Na nikwambie ukweli, nilifanya vizuri. Basi lilinyooka. Nilisimama barabarani nikalitazama likiondoka, nikajisifu peke yangu.

Wiki ya pili nikaingia chini kuangalia. Mkoko ni mgumu ukiwa na unyevu wake. Ukikaushwa na jua na kutikiswa kutwa nzima, hupasuka kwa urefu, na ule wa chini ulikuwa umepasuka kiasi cha kuingiza kidole. Nikamwambia tajiri. Akasema niongeze mpira, nipake grisi nyeusi, trafiki asione. Nikaongeza. Nikapaka. Mpaka leo kila asubuhi napaka.

Kwa hiyo ukifika Dar, ulizia lori linaloleta unga na sabuni Kibiti, umwombe dereva akupe kiti cha mbele. Linakwenda polepole, lakini lina springi zake zote. Bwana Ezekieli nitamwambia mama yangu anaogopa mabasi. Abiria wake atabaki nao. Wanaliona basi limekazwa mipira kama tita la kuni, na bado wanagombania dirisha. Watu wa namna hiyo utawaambia nini? Waache wapande.

Naitwa stendi, linapakia. Nitamalizia jioni.

Jumapili, baada ya ibada

Mama, jioni ile sikumalizia. Nilikunja karatasi nikaitia mfuko wa shati, nikaenda stendi na kopo langu la grisi. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye tairi nikipaka, akaja bibi mmoja na kikapu cha mchele. Alikuwa ametoka Chumbi tangu juzi yake, anakwenda Dar kwa binti yake aliyejifungua.

“Baba, gari nzima hii?”

Nikamjibu bila kuinua kichwa, “Nzima, bibi. Panda.” Nikampokea kikapu, nikampandisha mwenyewe. Alikaa nyuma ya dereva.

Nilipoinama tena, karatasi ilinichoma kifuani. Wewe nimekuandikia mara mbili usipande, kwa sababu una mwana anayejua kilicho chini ya ile grisi. Yule bibi naye ana binti, yuko Dar anamsubiri, hajui kitu. Mwezi mzima nimemdharau Ezekieli, kumbe tofauti yangu na yeye ni mkoba tu. Niliona aibu, mama, aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Nikachukua panga langu la kukatia mipira. Nilikata kwa mkono mmoja kutoka pembeni, maana kichwa changu bado nakihitaji. Mpira wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne ulikatika wenyewe. Boriti zikachomoka, basi likashuka likakalia tairi lake, kuku wakapiga kelele, abiria wakaangukiana upande wa kushoto. Hakuna aliyeumia, ila nafsi.

Usidhani walinishukuru. Waliniita mlevi, wakaniita mchawi, kijana mmoja wa Dar akaniita adui wa maendeleo. Niliwaonyesha boriti iliyopasuka. Wakaitazama, wakauliza basi litatengemaa saa ngapi. Yule bibi ndiye aliyenitukana kuliko wote, na haki alikuwa nayo.

“Si umenambia nzima? Mwongo mkubwa we! Mwanangu aningoja kule!”

“Nilikudanganya, bibi,” nikasema.

Kisha akasema, “Haya, n’shushie kikapu changu.”

Nikamshushia. Aliondoka kesho yake kwa lori lile lile la unga, likirudi Dar, na kuniaga hakuniaga.

Bwana Ezekieli alinifukuza kazi mbele ya stendi nzima, akiwa amekumbatia mkoba. Leo kanisani ameimba kama kawaida, na mimi nimekaa benchi la nyuma nikimsikiliza. Nasikia ameagiza boriti nyingine Nyamisati, ila mafundi wawili wa hapa wamekwishakataa kuingia chini. Wa tatu sijui. Nimewaambia watu wa stendi wainame wenyewe watazame kabla ya kupanda.

Mimi niko Mtunda kwa Mzee Saidi, navuta mivukuto na kujifunza kukunja chuma. Ananiita fundi wa miti. Chakula kipo, na mahali pako pa kulala papo.

Nisalimie baba mdogo, aache tumbaku. Nisalimie shangazi muuza ulanzi, na shemeji aliyeninunulia viatu vya safari. Mwambie mwinjilisti wetu aniombee. Tumaini, mwandiko wako mzuri, Mungu akuzidishie.

Njoo, mama, nina hamu na wewe. Ukishuka Kibiti, usiulizie fundi wa Bwana Ezekieli. Ulizia fundi aliyeharibu basi, yeyote atakuonyesha njia.

Ni mimi mwanao,
Filipo