Nimeambiwa Nihame na Wanafunzi Wangu Watano Bora

Shangazi mpendwa, naomba unisaidie kabla sijafanya jambo ambalo sitaweza kulirekebisha. Mimi ni mwalimu wa darasa la sita katika shule ya serikali, na ukurasa wako huu huwa tunausoma pamoja wakati wa chai na kuwacheka wanaokuandikia, leo nimekuwa mmoja wao.

Shule yetu haichagui, anayekuja anapokelewa, mtoto wa daktari na mtoto wa mbeba mizigo wanakaa deski moja, na mimi darasani kwangu nina utaratibu wangu tangu nianze kazi, kwamba anayeelewa haraka anakaa na anayeelewa polepole, na sisahihishi hesabu ya yeyote mpaka wote wawili waweze kunieleza jibu limepatikanaje, na usidhani anayefaidika ni yule mzito peke yake, maana mwepesi akishamweleza mwenzake mara mbili tatu ndipo na yeye anaelewa kile alichokuwa anakikariri tu. Kwa njia hiyo darasa langu limefanya vizuri, watu wakaanza kulisifia mitaani, na sifa hizo ndizo zilizoniletea balaa.

Kuna shule ya binafsi imefunguliwa jirani na sisi, ina maabara, ina maktaba yenye vitabu, siyo kama yetu yenye viti vibovu, na mkurugenzi wake ameniita akaniambia nafasi ni yangu ila niende na wanafunzi wangu watano bora, watasomeshwa bure, ili matokeo ya kwanza ya shule yake yapendeze. Mke wangu nilipomwambia nimepata kazi kule alipiga vigelegele, akasema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo, nenda mume wangu!" Na simlaumu, kwa sababu nimechoka, Shangazi, nafundisha watoto wanaojaa mpaka mlangoni na chaki naikata vipande ili ifike Ijumaa.

Basi bila kumwambia mwalimu mkuu nikaanza kuwaandaa wale watano kwa mtihani wa kuingia kule, nikawatoa kwenye madeski yao nikawapanga safu moja dirishani, nikawa nawafundisha wao na wengine nawaachia mazoezi ubaoni, nikijiambia ni kwa muda tu, na darasa lililokuwa na kelele za kubishana kuhusu majibu likawa kimya kama kuna msiba. Juzi msichana mmoja, ambaye mwenzake wa deski ni miongoni mwa niliowahamisha, akanifuata mlangoni. "Mwalimu, sisi tumefanya nini?" Nikamwambia hamjafanya kitu, nenda kakae. Hakwenda. "Sasa sisi tunabaki na nani?"

Wazazi wanne wamekwisha kubali kwa furaha, na wa tano, fundi viatu, ameniambia, "Mimi sikusoma, mwalimu, ukisema aende ataenda." Nikiwazuia nitakuwa nimewanyima watoto neema? Nikiwachukua nitakuwa nimewafanyia nini waliobaki? Na mimi je, sina haki ya kupumua? Mkurugenzi anataka jibu wiki hii.

Mwalimu aliyekwama

*

Mwalimu wangu, kwanza pole, halafu nitakusema.

Pole kwa sababu uchovu wako ni wa kweli, na asikudanganye mtu kwamba mwalimu akihama shule ni msaliti. Mwalimu ana mgongo kama watu wengine, na unauma. Wanaokusifu kwa moyo wa kujitolea huku wamekuacha na vipande vya chaki, waambie waje wajitolee wao.

Lakini hiyo safu ya dirishani ni kosa, tena unajua. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Safari hii nguo ni ya watoto na kiroboto ni wewe. Shule ya umma inaweza kukosa maabara, ikakosa hata vioo vya madirisha, na bado ikawa na kitu kimoja kikubwa: mtoto haulizwi ana nini wala anajua nini ndipo afunguliwe mlango. Wewe umeanza kuuliza, ukiwa ndani, na mtoto wa miaka kumi na kitu amekuona kabla mwalimu mkuu hajakuona.

Kuhusu neema, sikatai, huenda wakafaulu vizuri kule. Mzazi akiamua kumpeleka mwanawe ni haki yake. Ila aamue akiwa ameambiwa yote, pamoja na kwamba mwalimu anayemshauri amewekewa sharti la kumleta mtoto. Yule fundi viatu amekukabidhi mtoto, na uamuzi wake pia kakukabidhi. Unamficha nini mtu aliyekuamini hivyo? Na mkeo naye, nina hakika umemwambia habari za kazi, za sharti ukazimeza.

Sasa fanya hivi. Kesho asubuhi, kabla hujashika chaki, rudisha kila mtoto kwenye deski lake, kisha liambie darasa zima kwamba mwalimu alikosea. Usiogope, watoto wamezoea kuona watu wazima wakikosea, hawajazoea kuwasikia wakikiri. Ukitoka hapo nenda kwa mwalimu mkuu, umweleze wewe kabla hajaelezwa na watu. Wazazi wote watano waite, uwasimulie sharti lilivyo, na usiwasukume popote.

Halafu nenda kwa mkurugenzi umwambie: kazi naitaka, lakini nakuja peke yangu, tena mwaka wa shule ukiisha. Akikubali, hama kwa amani na mtu asikunyooshee kidole. Akikataa, usiumie. Atakuwa amekuonyesha kwamba alichokuwa anakitaka ni wale watoto, na wewe ulikuwa kapu la kuwabebea.

Shangazi