Samaki ni ya Bwana Gani?

Mujukulu wangu Ilunga, jambo. Mama yako iko muzuri, na mihogo ya kutoka Lukafu ilifika. Uliniuliza juu ya nini ninarudishaka samaki yote mu mayi.

Siku ya mungu moja, Jumapili, wakati ya bazungu, nilivua samaki makobo mukubwa mu bwato yangu ku lac, ku ziwa. Mulinzi ya ile ziwa, muntu mweusi sawa mimi, akaniuliza: «Ile samaki ni ya bwana gani?»

«Ni yangu. Ninavua kwa kujifurahisha.»

«Wewe, kujifurahisha?» Akacheka, akabeba samaki yangu, akapelekea chef yake, muzungu.

Mupaka leo ile kicheko inanichoma. Ule mulinzi arudie sasa: atakuta bwato iko bule, hamuna samaki ya kubeba, na mwenye kucheka ni mimi.

Kambo yako, anavua bado