Saa ya Babu Niliyoisugua kwa Majivu

Pelagia, nimeharibu. Nimeharibu vibaya!

Ile saa ya Babu Masele, ya shaba, yenye vioo pande zote na mkono wa kubebea juu kama karabai. Ile aliyopewa na meneja wakati kinu cha pamba kilipobinafsishwa, yeye na wenzake wakapunguzwa kazi.

Nilitaka aikute inang'aa akitoka kanisani. Nikafungua kioo, nikasugua kwa majivu na ndimu mpaka kwenye uso wa saa. Kama sufuria, Pelagia. Kama sufuria! Namba zote zimefutika.

Babu aliporudi akaigeuzageuza. "Mishale si ipo? Itakumbuka yenyewe."

Nikalia, nikamwomba anigombeze.

"Nikugombeze kwa kuosha? Njoo ule, mjukuu wangu."

Tangu mchana anaitazama, halafu ananiuliza mimi ni saa ngapi.