Fimbo Laini na Kambale wa Kununua

Jumapili jioni, Miyuji. Upepo umejaa vumbi.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu: nasoma habari za fimbo za kuvulia samaki kama wenzangu wa kidato cha tatu wanavyosoma hadithi za mapenzi. Mimi, msichana wa Dodoma, ambako mito yenyewe ni mchanga mtupu nusu ya mwaka.

Ndiyo maana Mjomba aliponiambia amepata boti ya kukodi bwawani Mtera, na kwamba atavua kwa kibao cha kuzamisha, nilisahau aibu nikamweleza yote. Kibao hicho hufungwa kwenye mshipi, mbele ya chambo. Boti ikitembea, maji hukisukuma chini, na chambo hukifuata hadi kina kirefu. Kinavuta kwa nguvu hata kabla samaki hajagusa chochote. Kwa hiyo fimbo iwe nene shinani na ngumu katikati, ilegee kidogo nchani tu.

"Leo umeongea kuliko mwaka mzima!" akasema.

Kisha akanunua fimbo nyembamba ya bluu. Aliitikisa dukani, ikacheza vizuri, na alisema itapendeza kwenye picha.

Jana tulikwenda. Kibao kilipozama tu, fimbo ikapinda kama bua la mtama.

"Nimempata! Dume hilo!" Mjomba akapiga kelele.

"Mjomba, hicho ni kibao." Nadhani nilinong'ona.

Akavuta, akavuta, hadi fimbo ikavunjika. Mwenye boti akaushika mshipi kwa mkono, akatoa majini kibao kitupu.

"Bosi, hiki utakikaanga au utakichemsha?"

Mjomba hakucheka. Tulipofika nchi kavu alinunua kambale, akanibebesha. Ute ukanichuruzika hadi viwikoni. Shingoni samaki huyo alikuwa na alama za nyavu, mtu yeyote angeziona.

"Tabasamu basi, mtaalamu wangu," Mjomba akasema, simu ameielekeza kwangu.

Nikatabasamu.

Leo Mjomba ameiweka picha kwenye kundi la familia: "Fimbo kachagua binti yetu, tazameni matokeo!" Bibi yuko Kondoa, amenitumia dua. Binamu zangu wananiita nahodha.

Ute nimeuosha. Uso wangu kwenye ile picha siwezi kuutazama mara mbili. Kuna kitu kimoja tu ninachokijua vizuri, na siku watu walipokisikia, wamekisikia kwa uongo. Kinyaa kitupu.

Nilimpigia Mjomba, nikamwamkia, nikamwambia nitasema ukweli.

"Aa, mama, si picha tu hiyo? Utaniaibisha mbele ya mashemeji."

Nikamwambia samahani, nikakata simu. Halafu nikaandika kwenye kundi: "Shikamooni. Kambale huyo alinunuliwa. Fimbo hiyo sikuichagua mimi." Nikatuma, nikaiacha simu chumbani, nikaenda jikoni kumsaidia Mama kuchambua mchicha.