Jina Letu kwenye Mstari wa Mwalimu Mkuu

Mpendwa Cucu, bibi yangu,

Leo ni Jumapili, na Baba yuko Kamakis akichoma nyama za wateja. Atarudi kesho. Nimepika chai ya watu wawili tena kwa mazoea. Nimeinywa yote, maana ungenigombeza kama ningeimwaga.

Unakumbuka ripoti fomu yangu ya kwanza hapa Kiganjo? Penye sahihi ya mzazi uliweka kidole gumba, wino ukasambaa hadi kwenye alama za Sayansi. Darasani walinicheka. Muhula uliofuata nilitia sahihi mwenyewe, nikaficha ile karatasi chini ya godoro. Uliipata ukitandika. Hukujua kusoma, lakini uliona kidole chako hakipo.

"Unanionea haya, Wairimu?"

Sikukuomba msamaha siku hiyo, Cucu. Nakuomba sasa.

Wiki iliyofuata ulijiandikisha ngumbaru, darasa la watu wazima pale kanisani. Kila jioni tulikaa meza moja, wewe na herufi, mimi na hesabu. Nilirithi jina lako, ndiyo maana Baba huniita Maitu, mama yake. Nami nilidhani nimerithi na mengine. Ukiniuliza kwa nini maswali mengi nimeyaacha wazi, nilisema, "Mimi sijui hesabu. Nimekufuata wewe." Ukweli ni kwamba swali lililoachwa wazi halikuniuma kama lililokosewa.

Ulitupa penseli mezani. "Mimi? Nimeuza nyanya sokoni Thika tangu baba yako hajazaliwa. Nani aliwahi kunipunja? Tafuta mtu mwingine wa kusingizia!"

Hapo ndipo ulipoweka sheria: atakayesema "siwezi" ataosha sufuria. Muhula mzima niliziosha sufuria hizo karibu kila jioni. Wewe nilikukamata mara moja tu.

"Hii W ina miguu kama buibui. Siwe..."

"Umesema, Cucu!"

"Sijasema. Nimekohoa."

Ripoti ilipokuja ulivaa miwani, ukafunga mlango ili majirani wasikusumbue, ukaandika WAIRIMU polepole ukiwa umetoa ulimi kidogo. Jina lilikuwa kubwa na zuri. Lakini uliliandika kwenye mstari wa mwalimu mkuu. Sikuwa na moyo wa kukuambia.

"Kumbe cucu yako ndiye mwalimu mkuu siku hizi?" wakaniuliza darasani.

"Ndiyo," nikasema, "na majina yenu anayo." Walicheka, na mimi nikacheka nao. Ile karatasi ninayo mpaka leo.

Tangu tukuzike Kalimoni nimekuwa nikila peke yangu jioni nyingi. Baba hujaribu. Hupiga simu wateja wakipungua na kuniuliza, "Maitu, umekula?" Nasema ndiyo. Simwambii kwamba nilirudia tabia yangu ya kuacha maswali wazi. Nilijiambia kwamba sheria ya sufuria ilizikwa na wewe, kwa kuwa hakuna tena wa kunisikia.

Ijumaa tulifanya mtihani wa hesabu. Nilipofika swali la tisa, la mapipa ya maji, mkono ukasimama. Nikalisema lile neno, kwa sauti ndogo sana. Hata Mercy, ninayekaa naye dawati moja, hakugeuka. Nikalitazama jina langu juu ya karatasi, nikaona nimeandika W kama yako, ya miguu mingi. Nikaanza kuandika. Sina hakika na jibu. Huenda nimekosa hilo na mengine mengi, lakini hakuna mahali nilipoacha wazi, Cucu, hata mahali pamoja.

Nilirudi nyumbani kabla jua halijazama. Kulikuwa na sufuria tatu tu, na moja ilikuwa safi. Nilikuwa nimelisema lile neno, kwa hiyo niliziosha zote tatu.

Lala salama. Ripoti ikija, Baba ataweka sahihi. Nitamwonyesha mstari wake.

Mjukuu wako, mwenye jina lako,
Wairimu