Maswali Ishirini kwa Marceline

Jumatatu, 3 Juni

Kosa wanalofanya wengi ni kumuuliza. Wanaingia, wanaweka ndizi mezani, wanasogeza uso karibu na wake: "Maman, unanijua? Mimi ni nani?" Leo wamefanya hivyo watu wanne kabla ya saa nne. Wa mwisho, mama mmoja wa kwaya, alipokosa jibu alirudia kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba Marceline ameziba masikio.

Hajaziba masikio. Mwezi wa tatu alianguka kutoka kwenye pikipiki akitoka sokoni, akalala hospitalini siku tisa, akaamka bila miaka arobaini. Anakumbuka Yanonge, nyumba ya baba yake, nyavu zilizoanikwa, dada yake. Baada ya hapo hakuna kitu. Mimi niko katika hiyo sehemu isiyo na kitu.

Kumuuliza mtu kitu alichopoteza ni kumwonyesha tundu la mfuko wake mbele ya watu. Afundishwe kwanza, ndipo aulizwe. Nilikuwa inspekta wa shule mpaka nilipostaafu, najua utaratibu. Kwa hiyo kila asubuhi baada ya chai tunafanya somo. Picha, kitabu cha ndoa, ramani ya mtaa niliyoichora mwenyewe na kuibandika ukutani. Maswali ishirini. Leo amejibu saba.

Jumapili ya tarehe kumi na sita kaka yake, shemeji Bolamba, atapanda mto kutoka Yanonge. Ametuma neno. Katika ukoo wao si tusi wala talaka: mke akiugua muda mrefu, ndugu zake wana haki ya kusema tupeni mtoto wetu tumwangalie. Mume hana la kujibu, isipokuwa mke mwenyewe aseme hapa ni kwangu. Nina siku kumi na tatu.

Ananiita Papa Inspekta, kama majirani. Zamani aliniita Papa Fifi, kwa jina la mtoto wetu wa kwanza. Inauma.

Alhamisi, 6 Juni

Majibu tisa.

Mikono yake haijasahau. Leo ametwanga pondu, majani ya muhogo, akamimina mawese kwa kukisia, na ladha ilikuwa ile ile ya nyumba hii. Nililia, nikasema ni pilipili.

Nilimweleza alivyonieleza daktari. Kuna kumbukumbu ya mikono, na kuna kumbukumbu ya mambo yaliyompata mtu, na hazikai chumba kimoja. Nilichora kichwa kwenye karatasi, nikakigawa vyumba. Aliutazama mchoro kwa adabu. "Ndiyo, papa."

Anasema hivyo mara nyingi. Analala chumba cha watoto na kufunga mlango kwa komeo. Sijamuuliza kwa nini. Kwake mimi ni mwanamume mzee tu, ambaye hamjui.

Jumamosi, 8 Juni

Tumeona filamu.

Papa Kasereka, mfanyabiashara aliyekuja kutoka Kivu, ana duka la jumla kwenye kona yetu. Chumvi, sabuni, sukari. Nyuma ya magunia ana televisheni kubwa, na Jumamosi mchana, umeme ukiwepo, huonyesha filamu. Mzungu mmoja aliyehama alimwachia boksi la diski. Alinipa moja bure.

"Muzee, hii beba tu. Hakuna mutu anapigwa, hakuna mutu anakimbia. Wanasimama tu. Hata imbwa inasimama."

Nilisoma mgongo wa kasha. Filamu ya kuchekesha kutoka Finlandi: mtu anapoteza kumbukumbu na kuanza upya. Nikasema tuione leo, hapa hapa. Niliona ni somo.

Finlandi iko kaskazini kabisa mwa Ulaya, nchi ya maziwa na misitu, baridi sehemu kubwa ya mwaka. Nilimweleza Marceline hayo kabla haijaanza. Mwanamume anaamka katika mji wa bandari, hajui jina lake. Anatembea. Anamkuta fundi wa rangi amekaa juu ya ndoo. Wanatazamana muda mrefu sana. Fundi anampa kiazi. Wanakula. Fundi anampa brashi. Basi, ana kazi. Baadaye kuna mwanamke anayekata tiketi za kivuko. Nao wanatazamana muda mrefu. Mle ndani hakuna anayecheka hata mara moja.

Maneno ya Kifaransa yalikuwa chini, madogo. Nilisoma kwa sauti kwa Kiswahili, na kila palipokuwa na jambo la kufundisha nilisimamisha diski. Mara ya tatu Marceline aliniwekea mkono juu ya mkono. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunigusa tangu hospitalini.

"Papa, acha kwanza. Tuone tu."

"Aksanti, Maman," akasema Kasereka. "Mimi nilikuwa naogopa kusema."

Kwenye kile kiazi Marceline alikuwa amecheka. Cheko lake lile la puani, kisha mkono mdomoni. Alicheka mpaka mwisho, mahali ambapo mimi sikuona kichekesho. Njiani akasema: "Ule muzungu iko na bahati. Hakuna mutu anamuuliza kitu."

Nilimweleza kwamba ni mtindo wa watengenezaji filamu wa kule. Akasema ndiyo, papa.

Jumatano, 12 Juni

Jana kumi na tano. Leo kumi na tisa.

Nimewaandikia watoto, Désiré huko Kinshasa na Clémence huko Bunia. Mama yenu anarudi. Nimenunua samaki mkubwa. Anajibu hata kabla sijamaliza swali. Jina langu lote, jina la padri aliyetufungisha ndoa, mwaka tuliojenga.

Nina furaha. Sikumbuki mara ya mwisho kuliandika neno hilo.

Ijumaa, 14 Juni

Ishirini kwa ishirini. Bolamba na aje.

Jumapili, 16 Juni

Amekuja. Amekuja na Albertine, dada yao mkubwa, wanayemwita Yaya, anayekaa Lubunga ng'ambo ya mto. Marceline alimkimbilia Yaya mpaka kandambili moja ikabaki njiani. Kwangu hajawahi kukimbia.

Tulikaa. Bolamba alimaliza bia yake taratibu. "Bon. Bokilo, tumekuja kuona tu. Hatukukuja na vita." Ananiita hivyo tangu nilipotoa mahari, bokilo, shemeji.

Nikasema: aulizwe. Nikauliza mimi mwenyewe, sikuwaachia wao.

Mume wako ni nani? Akajibu. Mlifunga ndoa wapi? Akajibu. Nyumba hii ni namba ngapi? Akajibu. Bolamba alianza kutikisa kichwa kwa kuridhika. Nikauliza: watoto wako?

"Watatu. Fifi, Désiré, Clémence. Fifi alikufa na homa, alikuwa na miaka tisa."

Kwa sauti ile ile aliyotajia namba ya nyumba.

Hakuna kilichotikisika usoni. Miaka yote tangu tumzike, Marceline hakuweza kulitamka jina hilo bila kushika kitu. Ukingo wa meza, kitenge, mkono wangu. Leo mikono yake ilikuwa imelala magotini kama ya mwanafunzi.

Kazi yangu yote ilikuwa hiyo. Kuingia darasa ambalo watoto wanajibu vizuri mno, na kuuliza swali moja ambalo halimo daftarini. Hapo unatenganisha anayejua na aliyekariri. Leo nilijua kabla ya kuuliza. Bolamba alishakuwa anatabasamu. Ningenyamaza, angebaki. Lakini nilitamani mno ajue. Nilidhani labda hilo moja limo ndani, chini kabisa, likisubiri kuitwa.

Nikauliza: Fifi alipenda kula nini?

Alitazama dari. Watoto wote hutazama huko. Kisha akanitazama mimi, kwa hofu.

"Hiyo hatukusoma, papa."

Yaya Albertine alijifunika uso kwa kitenge. Bolamba alitazama viatu vyake. Nilifunga kitabu cha ndoa.

Fifi alipenda ngozi ya samaki iliyoungua. Alikuwa akiibandua kutoka sahani zetu wote. Hakuna mwingine anayelijua hilo sasa, Désiré na Clémence walikuwa wadogo.

Jumatatu, 17 Juni

Nimeona daftari. Lilikuwa chini ya godoro lake. Nilikuwa nabadilisha shuka, sikulitafuta.

Maswali ishirini na majibu yake, kila jibu limeandikwa mara kumi, kwa ule mwandiko mzuri wa shule ya masista. *Mume wangu ni.* *Mume wangu ni.* *Mume wangu ni.* Mara kumi jina langu.

Alinikuta nimelishika. Hakukasirika. Alikaa kwenye kitanda kingine.

"Nilikuona unachoka, papa. Kila asubuhi unachoka. Nikasema nijifunze."

Nilimuuliza tangu lini. Tangu siku ya filamu, akasema.

"Nilisema ukipata mapoints yako yote, utaacha kuuliza."

Nililirudisha daftari chini ya godoro.

Kisha akaomba aende kwa Yaya. Aliomba kama mgeni anayeogopa kumuudhi mwenyeji. Nikasema ndiyo. Nilitaka kusema hapana. Nina hasira na pikipiki, na barabara, na Bolamba ambaye hana kosa, na zaidi na inspekta. Majirani walimuuliza mara moja moja. Mimi nilimuuliza mara ishirini kila siku, nikaita dawa.

Alhamisi, 20 Juni

Ameondoka.

Bolamba alitaka ampeleke Yanonge. Marceline akakataa: Lubunga, kwa Yaya, anayekaanga mikate ufukweni. Alilisema wazi, hakutazama uso wa mtu kwanza. Tangu aanguke sijamwona akichagua kitu. Amechagua kuondoka.

Nilimfungia mizigo mwenyewe. Vitenge vinane, miwani, dawa, karatasi ya kueleza dawa, karatasi ya pili ya kueleza ya kwanza. Katikati ya vitenge niliweka picha ya ndoa. Aliiona. Aliitoa polepole, akaifuta kwa kiganja, akaiweka mezani.

"Hii ni yako, papa."

Alichukua kinu.

Nilimsindikiza mpaka mtoni. Kabla ya kuingia mtumbwini alishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akakunja goti kidogo. "Aksanti kwa kunipokea."

Miaka thelathini na minane ya ndoa. Kunipokea.

Nilisimama mpaka mtumbwi ulipofika ng'ambo. Hakugeuka. Kwa nini ageuke?

Ijumaa, 21 Juni

Hakuna.

Jumatatu, 24 Juni

Wali umeungua. Nimeula.

Papa Kasereka alikuja na kilo ya sukari. Alikaa. Hakusema kitu kama nusu saa, yeye anayeongea hata na magunia. Akasimama, akapiga-piga meza, akaenda. Ulikuwa msaada mkubwa kuliko barua zote mbili za watoto. Désiré anasema nimlete mama Kinshasa kwa wataalamu. Clémence anauliza kwa nini nilimwachia aende. Nitawajibu. Bado.

Jumapili, 30 Juni

Nimevuka mto.

Sikupanga. Baada ya misa miguu ilishuka yenyewe mpaka kwenye mitumbwi. Meza ya Yaya iko pale watu wanapopandia ufuko: sufuria ya mafuta, beseni la unga uliochachuka, benchi moja refu. Marceline ndiye alikuwa anakaanga. Alivaa kitenge ambacho sikijui. Nilisimama kwenye foleni kama watu wengine.

Mbele yangu mpiga kasia mnene aliomba mkate wa sita. "Wewe," akamwambia, "na ile tumbo, ukikula tena mutumbwi itazama na watu wa Mungu." Watu walicheka. Yeye hakucheka, aligeuza mikate tu. Ni mcheshi. Alikuwa mcheshi hivyo nilipomkuta, kabla ya watoto, kabla ya mazishi. Nilikuwa nimesahau. Mimi, ambaye kichwa changu ni kizima.

Zamu yangu ikafika. Uso wake haukuwa na hofu. Haukuwa na kitu kingine pia.

"Papa Inspekta. Ngapi?"

Nikaanza kueleza kwamba kwa kawaida asubuhi sili vitu vya mafuta, kwa sababu ya damu kupanda, kwamba daktari anasema mafuta yaliyorudiwa ndiyo mabaya zaidi, lakini kwamba kwa kuwa leo ni Jumapili.

"Muzee," akasema mtu nyuma yangu, "tunaomba mikate, hatukuomba leçon ya shule."

Marceline alicheka. La puani. Mkono ulikuwa na unga, akauweka mdomoni hivyo hivyo.

Nikasema miwili. Nilikula nikitembea, nikaungua ulimi. Nilikuwa nimeshapiga hatua kama kumi aliposema, akiwa ameinamia mafuta: "Siku ingine ukae. Benchi iko."

Huwaambia wateja wote hivyo, nadhani.

Alhamisi, 4 Julai

Asubuhi tulivu. Nimebandua ramani ya mtaa ukutani. Gundi imeacha alama nne.

Nimewaandikia watoto. Mama yenu hajarudi, na sidhani atarudi. Lubunga yuko mwanamke mwenye mikono yake na cheko lake. Ana kazi, anatania watu, analala vizuri kwa maneno ya Yaya. Mkienda kumwona, mwamkieni, mseme majina yenu, mnunue mikate. Msimwonyeshe picha.

Sikuwaandikia kwamba bado natandika upande wake wa kitanda.

Ukungu umeanza kuondoka mtoni. Mitumbwi ya kwanza imeshavuka.

Leo: vuka, nunua mikate miwili, keti kwenye benchi, kula.