Mji, Pindo na Jina la Lankashaya

Sanyuanli, Guangzhou
Jumapili, baada ya ibada

Baba mpendwa, Mwalimu wangu wa kwanza,

Shikamoo. Natumaini goti linalokusumbua wakati wa mvua limekupa nafuu, na kwamba Mama ameacha ile tabia ya kumeza nusu ya dawa na kuiweka akiba nusu ya pili kwa ajili ya wageni. Mimi ni mzima. Kikohozi cha majira ya baridi kimeniacha, na sasa tumeingia katika msimu ambao kuta za vyumba hutoka jasho kama watu. Nguo niliyoifua Alhamisi bado mbichi. Nikiigusa nakukumbuka ubaoni, ukituuliza kwa nini pamba yetu ya Usukuma ilisafirishwa mbali hadi Lankashaya, nasi darasa zima tukijibu kwa sauti moja: "Hewa yenye unyevu! Makaa ya mawe! Bandari!"

Barua yako ilinifikia kwa mkono wa yule mfanyabiashara wa Mwanza anayenunua redio huku, na ndiye atakayekuletea hii. Umeniandikia mambo mawili ambayo nisingethubutu kuyajibu kwa simu, kwa kuwa simu hukatika kabla hoja haijakamilika, nawe hupendi hoja iliyokatika. Umenitaka niikatae nafasi ya masomo niliyoipata katika chuo kikuu kimoja cha huko Manchester, kwa sababu Lankashaya uliyoifundisha maisha yako yote imekufa, na si busara mtoto kuvuka bahari kwenda kuhani msiba wa viwanda. Kisha umenitaka nibaki China nivumilie, kwani mvumilivu hula mbivu.

Baba, chuo kinasubiri jibu langu mwisho wa mwezi huu, na mwisho wa mwezi huu ndipo viza yangu inapokwisha. Sitaki kujibu bila baraka yako. Naomba basi unisikilize kama ulivyokuwa ukimsikiliza mwanafunzi aliyenyoosha mkono kupinga kitabu: kwa subira, na kwa haki ya kumkosoa baadaye.

Nianze na uvumilivu. Tangu ule mwaka wa michezo mikubwa ya Beijing mambo hapa yamebadilika. Zamani mtu aliongezewa viza kama anavyoongezewa chai. Siku hizi ukifika dirishani jibu ni moja, meiyou, yaani hakuna, na anayelitamka hakutazami usoni. Polisi husimama kwenye mlango wa metro, treni ya chini ya ardhi, hapa Sanyuanli wakikagua pasi. Wenzetu ambao viza zao zimekwisha wanaishi ghorofani mapazia yamefungwa; wanaagiza chakula kwa simu, na mizigo yao inakaguliwa na watu wengine. Siwahukumu. Wapo wenye watoto shuleni na mizigo iliyokwama bandarini. Lakini hiyo ndiyo sura ya kuvumilia hapa kwa sasa, na sidhani kwamba ndiyo uliyoikusudia ulipoandika methali yako.

Sasa Lankashaya. Huenda umesahau kwamba ulitufundisha mkoa ule kwa khanga ya Bibi, kwa kuwa shule haikuwa na ramani ya maana. Uliitundika ukutani ukasema: khanga ina mji katikati, ina pindo linaloizunguka, na ina jina, yale maneno yanayosomwa na watu, na kila mkoa duniani uko hivyohivyo. Mji wa Lankashaya ulikuwa Manchester. Pindo lake la mashariki lilikuwa milima ya Penaini, la magharibi bahari, na mto Mersey ukawa mshono. Kisha ukatueleza kwamba khanga yenyewe ilichapwa hukohuko, kwa pamba ambayo huenda Bibi aliivuna kwa mikono yake. Jina lilipaswa kuwa WEMA HAUOZI. Mchapaji, asiyejua neno la Kiswahili, akachapa WEMA HAUUZI. Ulipomsomea Bibi alicheka, akajifunga, akasema: "Hao ni wafanyabiashara. Wameandika wanachokijua."

Mwezi huu Mungu amenikutanisha na mtu anayeishi ndani ya khanga ile. Anaitwa Bi Salma, mzaliwa wa Unguja, mtu mzima wa makamo ya Mama. Mumewe alimpeleka Uingereza tangu ujana, naye sasa anauza nguo sokoni Bury, kaskazini ya Manchester. Huja Guangzhou kujaza meza yake. Tulikutana katika maduka ya jumla ya Guangyuan Xilu, sote wawili tukilivuta gauni lilelile. Aliposikia nikimwambia mwenye duka "ghali mno" kwa Kiswahili kwa kusahau, aliliachia gauni akanikumbatia.

Nilimsomea maneno yako juu ya kifo cha Lankashaya. Aliweka kikombe chini.

"Imekufa? Basi miye nnaishi kaburini, mwanangu, na kaburi lenyewe lina kodi ya manispaa!"

"Baba anasema viwanda vimefungwa."

"Viwanda vimefungwa, kweli. Vyengine wamevigeuza nyumba za kupanga, watu wanalala pale penye mashine. Chengine kipo karibu yangu, chini wanauza mazulia, juu vijana wanapokea simu za benki kutwa. Lakini watu wapo, weye! Wale Wapakistani walioletwa kufanya zamu za usiku, viwanda vikafungwa, wao wakabaki. Leo wana maduka, wana teksi, wana madiwani."

"Na mvua?"

"Ipo, tena ileile ya mwalimu. Inatoka baharini, inagonga milima, inatumwagikia sisi. Viwanda wamevichukua, mvua wametuachia."

Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema kwa sababu yamenifundisha zaidi ya kitabu nilichoazima. Anasema Manchester kiserikali haimo tena Lankashaya. Katika miaka ya sabini waliimega pamoja na miji inayoizunguka wakafanya mkoa mwingine, ambao leo hauna baraza lake, bali halmashauri kumi zinazolazimika kukaa meza moja ili tramu ipite. "Lakini jirani yangu mzee," anasema, "ukimwambia haishi Lankashaya, hakupi salamu mwezi mzima." Tramu hiyo inapita juu ya njia ya reli ya zamani, kutoka Bury hadi katikati ya jiji. Hivi majuzi wakuu walitaka wenye magari walipie kuingia mjini ili fedha ijenge tramu zaidi. Wananchi wakapiga kura, wakakataa kwa kishindo. Ule mfereji uliotuchorea, uliopandisha meli kutoka baharini hadi Manchester, bado una maji, ila gati zake za mjini zimekuwa ofisi na vyumba vya watu wenye nafasi.

"Mwambie mwalimu," alimaliza, "mji upo, pindo lipo. Jina ndilo walilobadilisha."

Sikuwa nimemweleza kuhusu khanga ya Bibi.

Ijumaa alinisindikiza kiwandani kutazama khanga za kwaya ya kina mama, zile ambazo Mama aliziagiza kwa jubilei yao akachagua jina kutoka katika methali unayoipenda. Kiwanda kiko nje ya jiji. Tulikwenda kwa metro, kisha basi. Mlangoni mwa metro polisi kijana alipokea pasi ya Bi Salma, akaangalia jalada lake la Uingereza, akairudisha. Yangu aliipekua ukurasa baada ya ukurasa, akaongea na redio yake, akanirudishia bila neno. Tulipofika mbali Bi Salma alisema, "Tumezaliwa nchi moja, tunanunua nguo moja, tofauti jalada tu." Hakucheka.

Mwenye kiwanda ni mzee mwembamba ambaye sisi sote humwita laobani, bosi. Alitandika khanga ya kwanza juu ya meza kwa majivuno ya haki, maana rangi ilikuwa nzuri: bluu ya ziwa, pindo la njano, na katikati, kwenye mji, tumba za pamba zilizopasuka. Nilisoma pindo, nikasoma mji, nikafika kwenye jina.

MVUMILIVU HULA MBOVU.

Faksi niliyomtumia ilikuwa imefifia, naye kwake i na o ni madoa mawili tu. Bi Salma aliinama, akasoma, akakaa juu ya robota la kitambaa kwa kicheko.

"Usiiguse! Usibadilishe hata nukta! Hii nikiifikisha sokoni Darajani, kule Unguja, wake wenza watararuana!"

"Bi Salma, ni za kwaya ya kanisa."

"Basi kwaya ikaimbe nayo! Kwani huko kwenu hakuna mke aliyevumilia mpaka tunda likaoza?"

"Mei wenti, dada, mei wenti!" alisema laobani, akidhani tunafurahia kazi yake. Ndilo neno lao la kukutoa hofu: hakuna tatizo. Nilipomwonyesha herufi, uso ulimshuka. Aliahidi kuchapa upya, lakini zamu yetu mashineni ingefika baada ya viza yangu kwisha.

Hapo ndipo nilipokaribia kukutii, Baba. Niliwaza: siku chache tu, nijifiche chumbani, nitoke siku ya kukagua khanga, nizipeleke kwa wakala wa bandarini Huangpu ziingie kwenye kontena. Nani angekagua Kiswahili katika jiji hili kama si mimi? Nilimweleza Bi Salma. Aliacha kucheka.

"Siku chache ndivyo wanavyoanza wote. Jina si limekwambia lenyewe? Weye nenda zako kwa mlango. Miye pasi yangu wanaitazama jalada tu; ntabaki, nisome herufi kwa herufi, kisha niwapakilie. Mkiona kosa, n'tukaneni kanisani."

Kwa hiyo ndivyo itakavyokuwa. Naondoka kabla ya viza kwisha, kwa mlango, pasi yangu ikiwa safi. Naja nyumbani kwanza kwa hali yoyote, kwani hata viza ya Uingereza lazima niiombe Dar es Salaam. Swali lililobaki ni kama nitaiomba.

Nadhani niende, nami nakueleza sababu, ingawa nimeikosoa mara kadhaa na huenda wewe utaikosoa vizuri zaidi. Unyevu uliotufundisha uko hapa, kwenye kuta za chumba changu. Bandari iko Huangpu. Viwanda vilivyotoka Lankashaya nimevikuta hapa kwa macho yangu, na sioni kwa nini tuamini kwamba hapa ndipo vitakapozeekea. Siku moja huenda laobani naye atageuza kiwanda chake kuwa vyumba vya kupanga. Sisi tunaolima pamba tumekuwa tukisoma jinsi mkoa unavyotajirika, na nisamehe, Baba, ndivyo na wewe ulivyotufundisha. Sijamsikia mtu akitufundisha jinsi mkoa unavyoishi baada ya mashine kuondoka: nani anaamua, nani analipia tramu, nani anabaki na mvua. Kozi niliyopewa inahusu hayo hasa, usafiri na uchumi wa mikoa. Wewe unaita msiba. Mimi naona kwamba matanga yameshaanuliwa, na watu wako sokoni.

Inawezekana ninajidanganya. Inawezekana nimelipenda wazo hili kwa sababu tu limenijia kwa mdomo wa mtu mchangamfu, baada ya wiki nyingi za meiyou. Nimejiuliza pia kama napenda kuiona Lankashaya kwa ajili yako, ili niwe macho yako, na kama hiyo ni sababu ya kutosha. Sina hakika. Lakini hofu sina, na kwa muda mrefu sijalala vizuri kama ninavyolala wiki hii.

Nisalimie Mama, na umweleze kwamba khanga zitachelewa kidogo lakini zitasomeka. Nisalimie kaka yangu mkubwa na shemeji. Mwambieni shangazi mwenye duka la mafuta kwamba viatu vyake nimevipata, na kwamba kwa miguu mikubwa hivyo China nzima ilishangaa. Katekista naye mpe salamu, ila kuhusu kosa la khanga usimwambie kabla ya jubilei, atalifanya mahubiri. Doti moja ya zile zilizokosewa nimeomba niichukue. Nataka uitundike kando ya ile ya Bibi.

Mchukuzi wa barua hii atafika hapo nyumbani Magu siku kadhaa kabla chuo hakijafunga mlango. Ukishaisoma, nipigie, wala usihangaike kujenga hoja, simu itaikata. Ukinibariki, sema "mbivu." Ukikataa, sema "mbovu," nami nitakuja tuzungumze kibarazani kama baba na mwana, bila kinyongo.

Ila tamka polepole, Baba. Simu za huku nazo hazitofautishi i na o, na safari hii hakuna wa kunisomea ila wewe.

Mwanao na mwanafunzi wako,
Neema